Jinsi ya Kuzuru Mahekalu ya Batu Caves, Malaysia

Mapango ya mawe ya chokaa ya Batu Caves, yaliyo kilomita 13 hivi kaskazini mwa Kuala Lumpur, ni mahali pa ibada tangu mfanyabiashara wa Kitamil, K. Thamboosamy Pillai, alipoanzisha humo hekalu la Murugan, mungu wa Kihindu, karibu mwaka 1890. Mimi huwasisitizia wasafiri ninaowaongoza kwamba wanaingia katika nyumba ya watu ya kusalia, na maandalizi yote yaanzie hapo.

Hatua ya 1: Chagua siku. Thaipusam, sikukuu ya Kihindu ya kumheshimu Murugan, ambayo huangukia Januari au Februari, hujaza mahali hapa umati mkubwa wa waumini wanaopanda wakiwa na vyungu vya maziwa au kavadi (mzigo wa nadhiri uliopambwa) mabegani. Ni ibada adhimu, lakini kwa ziara ya kwanza napendekeza asubuhi ya siku ya kawaida, kabla jua halijawa kali.

Hatua ya 2: Vaa mavazi yanayofunika mabega na magoti. Aliyevaa kaptura au sketi fupi hutakiwa kukodi shuka ya kujifunga pale chini ya ngazi.

Hatua ya 3: Panda treni ya KTM, shirika la reli la Malaysia, kutoka KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, hadi stesheni ya Batu Caves, iliyo jirani kabisa na lango.

Hatua ya 4: Panda vidato 272, vilivyopakwa rangi nyingi mwaka 2018, ukiipita sanamu ya Murugan yenye urefu wa mita 42.7 iliyozinduliwa mwaka 2006. Ngazi ni kali, kwa hiyo pumzika pembeni ili usiwazuie waumini, ambao baadhi yao hupanda pekupeku. Chakula na mifuko ya plastiki vifungie ndani ya begi, kwa maana kima wa hapa hupokonya chochote wanachodhani kinalika. Usiwalishe, wala usiwatolee meno, kwani kwao hilo ni tishio.

Hatua ya 5: Ukiwa ndani ya pango kuu, vua viatu kabla ya kukanyaga eneo la madhabahu. Ibada ikiendelea, simama kando, nyamaza, na usikatize kati ya waumini na sanamu. Kuhani akipitisha moto wa kafuri, waumini huukaribia kwa viganja kisha hugusa nyuso zao. Nawe si lazima ushiriki, bali ukipewa jivu takatifu ulipokee kwa mkono wa kulia. Usimpige picha mtu anayeomba bila idhini yake, hata kama wageni wengine wanafanya hivyo.

Hatua ya 6: Ukishashuka, rudi upande wa stesheni, ambako sanamu ya kijani ya Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani, yenye urefu wa mita 15, inasimama karibu na Pango la Ramayana. Kuingia pango hili hulipiwa, tofauti na ngazi kuu, na ndani yake masanamu yamepangwa kusimulia maisha ya Rama, shujaa wa utenzi wa Kihindu uitwao Ramayana.