Kabla hujaitwa fundi wa magari

Miezi yangu ya kwanza gereji sikugusa injini. Niliosha spana mpaka nikazijua kwa kuzipapasa: namba 10, 12, 14. Anza hivyo hivyo. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi.

Kisha jifunze umeme, maana hapo ndipo wengi hukwama. Gari likigoma kuwaka, pima betri kwanza. Injini ikiwa imezimwa, volti 12.6 hivi ni betri iliyojaa. Ikiunguruma, ukisoma karibu 14, altaneta, yaani jenereta ya gari, inachaji. Mimi niliwahi kushusha stata nzima, ile mota ya kuwashia injini, kumbe waya wa betri umelegea tu! Mwenye gari alinitazama bila kusema neno.

Cheti kitafute pia, waajiri wengi hukiulizia.