Binokula ya kwenda porini: mfuko wako unatosha kununua ipi?

Jamani kabla ya bei tuanze na namba, maana watu wanapigwa sana hapa. Ile binokula imeandikwa 100x180, vioo vyekundu, muuzaji anakwambia inaona mpaka usiku, achana nayo kabisa. Hakuna ya kushika mkononi inayovuta mara 100, hata ikivuta mara 12 tu mkono ukitetemeka kidogo picha yote inacheza.

Namba za ukweli ni kama 8x42, yaani inavuta mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Gawa 42 kwa 8 unapata 5 na ushee, huo ndo upana wa mwanga unaofika kwenye jicho, na chui akiwa juu ya mti pale Seronera jua limeshazama mwanga ndo unautaka kuliko kuvuta. Ya 10x42 inakupa 4.2 tu. Ni nzuri kwa flamingo walioko mbali ziwani, ila ndani ya gari lenye injini inayotetema mi nachukua 8 bila kuwaza.

Haya, bei. Chini ya dola 100 chukua zile zenye umbo la kizamani, vioo vya mbele vimetanuka kuliko vya machoni, mfano Nikon Aculon A211. Zile nyembamba zilizonyooka ni ngumu kutengeneza vizuri, so ukiiona ya bei chee ujue wamebana kwenye vioo vya ndani. Shida ya Aculon haizuii maji, masika uifunge vizuri.

Kuanzia dola 200 mpaka 300 hivi ndo hela yako inafanya kazi kweli, hapo kuna Vortex Diamondback HD na Nikon Monarch M5, zimejazwa gesi ndani haziingii maji wala vumbi na hazishiki ukungu kwa ndani asubuhi ya baridi kule Ngorongoro. Kama una uwezo wa kusubiri mwezi ukafika hapa, subiri tafadhali.

Swarovski, Zeiss, Leica zile za daraja la juu zinavuka dola 2,000. Picha safi mpaka pembeni kabisa, macho hayachoki, kwa mwongoza watalii anayeshinda nazo kila siku zinalipa, kwa safari moja kwa mwaka hapana.

Dukani ishike mbali na uso uielekeze kwenye mwanga: viduara vya mwanga kwenye vioo vya machoni viwe duara kamili, vikikatika pembeni prizimu, yaani vile vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, ni za hali ya chini (uliza kama ni za BaK-4, aina ya kioo kizuri). Angalia nguzo dhidi ya anga, ukiona zambarau nyingi pembeni rudisha. Unavaa miwani? Vaa ujaribu nayo, na ulizia nafasi ya jicho (umbali kutoka kioo cha machoni mpaka jicho lako) angalau milimita 15.

Na ya mtumba hasa iliyokaa Dar au Mombasa, mulika tochi kwa ndani kwanza, ukiona kama nyuzi za utando hiyo ni kuvu, na ukiona vitu viwiliviwili usinunue hata kwa bei ya kutupa.