Gunia Ni Kilo Ngapi? Kutunza Ontolojia Moja kwa Mawakala Wengi

Mfumo wangu wa kwanza wa mawakala wa programu, yaani programu zinazofanya kazi zenyewe kwa niaba ya watu, ulikuwa wa biashara ya mahindi: mmoja anauza, mwingine ananunua, wa tatu anatafuta lori. Wote walitumia neno "gunia". Muuzaji wa Kenya alimaanisha kilo 90, mnunuzi wa Tanzania kilo 100. Hakuna ujumbe uliokataliwa. Hesabu ndiyo iliyoharibika.

Kwa hiyo anza na maana, kabla ya msimbo. Ndiyo ontolojia: maelezo rasmi ya maneno na maana zake, yanayotumiwa na mawakala wote. Kaa na wafanyabiashara, uwaulize neno moja moja. Siku hizi gunia silitumii kama kipimo kabisa: uzito naandika kwa kilo, gunia linabaki kifungashio, na lumbesa nimeipa kundi lake. Maneno hayo yaandike kwa OWL, lugha ya kompyuta ya kuandikia ontolojia, katika faili moja. Mapendekezo yatoke kwa wote, lakini anayelihariri awe mmoja, anayejulikana.

Kila toleo la ontolojia lipe anwani yake. OWL 2 ina owl:versionIRI kwa kazi hiyo. Kwenye ujumbe wa FIPA, viwango vya mawasiliano kati ya mawakala, jaza anwani hiyo katika sehemu ya "ontology". Wakala asiyeifahamu ajibu "not-understood", yaani sijaelewa. Asikisie! Kukisia ndiko kulikotutia hasara.

Neno la zamani usilifute. Liwekee alama ya owl:deprecated, mawakala wahame taratibu.

Kabla ya kutoa toleo jipya, kagua mantiki yake kwa programu kama HermiT, kisha tuma oda ya majaribio ya magunia 10 na usome kilo zinazotokea upande wa pili.