Siki ya viungo ya kunywa: kuanzia maganda ya nanasi mpaka kwenye glasi

Naandika hii kwa sababu karibu kila ninayemsaidia kutengeneza siki ya viungo anakwama palepale, na wala siyo kwenye viungo. Viungo kila mtu anavijua. Shida ni siki yenyewe, mtu anaitegesha siku nne, anaona povu anasema tayari, anatia tangawizi na vitunguu saumu, wiki mbili mbele ananitumia picha WhatsApp, chupa imeota ukungu. Kwa hiyo hatua ya 3 hapo chini ni ndefu kuliko zote, vumilia tu.

Kama huna subira, au hutaki kabisa kitu kipitie kwenye pombe hapo nyumbani (wengi wana sababu zao za dini, naelewa), nunua siki ya tufaha iliyoandikwa asidi asilimia 5 uruke moja kwa moja hatua ya 4. Ile siki nyeupe ya bei chee mi siinywi, nyingi ni asidi ya asetiki iliyozimuliwa kwa maji, soma lebo utaona. Kwa kachumbari sawa, kwa kusugulia sinki sawa zaidi.

Hatua ya 1: chombo na maganda

Chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya lita 3. Nimesema kioo. Siyo ndoo iliyokuwa na rangi, siyo dumu la mafuta, na sufuria ya aluminiamu usiisogeze kabisa, siki inaila. Cha kufunikia ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kipande cha khanga kuukuu kinatosha, pamoja na rababendi. Chandarua hapana, vile vinzi vidogo vya matunda vinapita.

Nanasi moja kubwa lililoiva mpaka linanukia nyumba nzima, yale ya Kiwangwa yakiwa kwenye msimu hayana mpinzani. Lioshe kwa maji bila sabuni, menya, nyama kula, maganda na kile kiini kigumu katakata utie kwenye chupa. Usichemshe maganda, hamira ya asili iko hapohapo kwenye ganda.

Hatua ya 2: maji na sukari

Maji lita moja na nusu. Ya bomba yanayonuka dawa yachemshe uyaache yapoe kabisa. Sukari gramu 150, yaani robo tatu ya kikombe cha mililita 250. Najua video nyingi zinasema vijiko viwili, ndo maana siki zao ni hafifu: kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita moja zinatoa pombe asilimia 1, na hiyo pombe ndo inageuka kuwa asidi kwa kiasi karibu sawa. Ukitaka siki ya asilimia 4 au 5 sukari iwepo tangu mwanzo. Usiogope utamu, hiyo sukari karibu yote inaliwa.

Funika kwa kitambaa, koroga asubuhi na jioni kwa mwiko wa mbao ili maganda ya juu yasikauke. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa povu linapanda haraka na ndani ya wiki moja linatulia. Wa Njombe na Lushoto mtangoja zaidi. Likitulia chuja, maganda tupa.

Hatua ya 3: hapa ndo penyewe

Ulichonacho sasa ni pombe ya nanasi. Siyo siki bado, hata kama inachachuka kidogo ulimini.

Kazi ya hapo mwanzo ilifanywa na hamira, inakula sukari inatoa pombe na haidai hewa. Kinachofuata kinafanywa na bakteria wengine kabisa, Acetobacter, wanaokula pombe na kutoa asidi, na hawa bila hewa hawafanyi kitu. Ukifunga mfuniko umewanyonga. Kuna dada mtaani kwetu alijaza yake kwenye chupa ya soda, akaifunga kwa nguvu zote akaificha kabatini miezi, siku anaifungua mezani kwangu kizibo kikagonga dari. Akanusa, akanitazama. “Shoga, hii si pombe hii?” Ndiyo, pombe, na ingebaki pombe.

Kwa hiyo: rudisha maji uliyochuja kwenye chupa ileile ya mdomo mpana, isijae, ibaki nafasi kubwa juu, funika kwa kitambaa peke yake. Kadiri uso wa maji ulivyo mpana ndo kadiri inavyowahi. Ukiigawa kwenye mabakuli mawili ya udongo uliopakwa glezi (ule mng'ao kama kioo) ni sawa pia, ila glezi ya zamani ambayo hujui ilipakwa nini achana nayo, zipo zenye madini ya risasi.

Ongeza siki hai kama mbegu, kwenye lita moja weka robo lita. Siki hai ni ile ambayo haijapashwa moto, ina mawingumawingu chini, au uombe kwa mtu anayetengeneza. Siki nyeupe ya dukani haina bakteria hata mmoja, haisaidii kuanzisha chochote. Bila mbegu inawezekana, bakteria wapo hewani, lakini utasubiri sana na ukungu unaweza kuwatangulia.

Iweke mahali penye kivuli na joto la nyuzi 25 mpaka 30, siyo juu ya friji inakotikiswa, siyo dirishani kwenye jua. Halafu iache. Mikono itawasha kuikoroga, usikoroge tena, kule kukoroga kuliishia hatua ya 2. Juu utajitengeneza utando laini unaoteleza kama nyama ya dafu changa, huyo ndo mama wa siki, ni dalili nzuri, akizama usihuzunike atajitengeneza mwingine.

Sasa kuna tando tatu na watu wanazichanganya. Mama ni mzito, laini, wa rangi moja. Utando mwembamba mweupe wenye mikunjomikunjo ni hamira za porini, hauna sumu ila unaharibu ladha, utoe kwa kijiko na uongeze mbegu. Kitu chenye manyoya, cha kijani, cheusi au bluu, ni ukungu: mwaga yote. Usiniulize kama unaweza kukwangua juu ukatumia ya chini. Mwaga.

Harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi ina maana hewa haitoshi, hamishia kwenye chombo kipana zaidi usubiri, huwa inaondoka yenyewe. Ukiona vibuu vidogo ujue kitambaa kilikuwa na upenyo, na hapo mi huwa namwaga japo najua wapo wanaochuja wakaendelea.

Ni lini imeiva? Kuanzia wiki ya nne onja. Harufu ya pombe iwe imeisha kabisa na ukali ukupige puani. Nunua na karatasi za pH, zile za kupimia uchachu, kwenye duka la vifaa vya maabara, isome chini ya 3.5. Karatasi haikwambii asidi ni asilimia ngapi, kwa hiyo ulimi na pua bado vina kazi. Ikiwa inachachuka tu kama maji ya ndimu yaliyozimuliwa, ongeza wiki mbili. Na ikishaiva usiiache wazi milele, bakteria haohao pombe ikiisha wanaanza kuila asidi yenyewe na siki inarudi kuwa maji. Jaza chupa hadi shingoni, funga.

Kwa nini nakazania ukali hivi? Kwa sababu vitunguu na tangawizi vina maji, ukivitumbukiza vinaizimua siki, na siki iliyokuwa hafifu tangu awali ndo inayoota ukungu.

Hatua ya 4: viungo

Kwa nusu lita ya siki: tangawizi kidole kizima, manjano mabichi nusu yake, vitunguu saumu punje sita, kitunguu maji nusu, pilipili mbuzi moja, pilipili manga punje kumi na kitu, karafuu nne, mdalasini kijiti kimoja, ganda la limau. Karafuu zisizidi, zinafunika kila kitu. Mdalasini tafuta ule wa Zanzibar wenye tabaka nyingi nyembamba unaovunjika kwa vidole, ule wa gome nene gumu una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini ikizidi, na hiki ni kinywaji cha kila siku.

Katakata kwa kisu. Bleda hapana, utachuja mpaka ulie. Unga wa paketi pia hapana, unabaki tope chini.

Ile fire cider, yaani siki ya viungo ya Wamarekani, iliyopata umaarufu kupitia mtaalamu wa mitishamba Rosemary Gladstar, inatiwa mzizi wa horseradish ambao huku ni shida kuupata. Kuna wanaoweka mizizi ya mlonge kwa kuwa nayo inawasha vilevile. Usifanye hivyo, mizizi na magome yake yana sumu, majani kula unavyotaka.

Kila kitu kizame. Mfuniko uwe wa plastiki, ukiwa wa bati weka karatasi ya kuokea katikati. Wiki tatu, tikisa kila siku. Kitunguu saumu kikigeuka kijani au bluu ni asidi tu, hakijaoza.

Hatua ya 5: asali

Chuja, tia asali robo kikombe, tikisa. Usipashe moto. Ya Tabora inatosha, ya nyuki wadogo ni ghali mno kuizamisha kwenye pilipili. Hifadhi kwenye friji.

Hatua ya 6: kunywa

Kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi nzima ya maji, pamoja na chakula. Wale wa kupiga shoti kavu kwenye video wataongea na daktari wa meno. Ukimaliza sukutua kwa maji, mswaki usubiri nusu saa.

Inafanya nini? Siki inapunguza kidogo kupanda kwa sukari ya damu baada ya mlo wa wanga, hilo limepimwa. Kupunguza uzito mi siahidi, ule utafiti wa Lebanon wa 2024 uliosambaa kila mahali jarida lenyewe liliufuta 2025. Anayetumia insulini, vidonge vya sukari au dawa za kukojoza amwone daktari kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo aache. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa ajili ya asali.

Yale makapi ya viungo usitupe. Hapo sasa bleda inaruhusiwa: saga na chumvi na embe bichi, weka pembeni ya mihogo ya kuchoma.