Kadi ya kliniki haipigwi laminesheni

Mashine ya laminesheni ninayo, hela ya laminesheni naitaka, na bado nakwambia: kadi ya kliniki haipigwi laminesheni. Steshenari yangu iko hapa Masasi, upande wa barabara ya Nachingwea, na asubuhi za kliniki wanaotangulia dirishani ni akina mama na mabibi walioshika kadi. Anakuja bibi na kadi ya mjukuu, mpya, haijakunjwa hata pembe.

"Nibanie hii, mjukuu wangu, isije ikaliwa na panya."

"Shikamoo bibi. Nikiibana, nesi ataandika wapi chanjo ya mwezi ujao?"

"Marahaba. Si ataandika juu ya nailoni?"

Haandiki. Wino wa kalamu haushiki pale, na ukisema uibandue, nailoni inatoka na karatasi yake. Kadi namba 1, ile ya mtoto, inajazwa mpaka afikishe miaka mitano. Kadi namba 4, ya mjamzito, inajazwa kila hudhurio. Karatasi ambayo bado inaandikwa inataka mfuko wa kuingia na kutoka. Nunua mfuko wa plastiki wa A4 wenye kifungo, ule unaoonyesha kilichomo ndani, tia kadi zote za nyumba humo, pamoja na cheti cha kuzaliwa kama kimeshatoka. Wajapani tangu mwaka 1948 wanampa mama kijitabu kimoja chenye habari za mimba na za mtoto pamoja. Sisi tuna kadi mbili, na mara nyingi ya mama hutupwa mtoto akishazaliwa, kumbe ndiyo yenye habari za mimba iliyopita ambazo nesi atazitaka kwenye mimba ijayo. Kwa hiyo mfuko uwe mmoja na kadi ya mama isitoke humo.

Mahali pa kuuweka: chini ya godoro hapafai, mtoto anakojoa. Darini hapafai, kuna moshi na panya, na bati likivuja hakuna atakayejua. Sanduku lililokaa juu ya sakafu ya udongo ni chakula cha mchwa. Gonga msumari ukutani chumbani, juu ya kimo cha mtoto, tundika mfuko, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo aujue. Mama anaweza kushikwa na uchungu usiku asiweze hata kueleza kadi iko wapi.

Sasa tuje kwenye simu.

Picha ya kadi hupigwa siku hiyo hiyo ya kliniki, kabla hujafika nyumbani ukaanza kupika. Lakini kwanza isome kadi ukiwa bado kwa nesi. Angalia tarehe ya leo imeandikwa, chanjo aliyopewa imejazwa, uzito umetiwa kwenye mchoro, na tarehe ya kurudi ipo. Kama hukuelewa mwandiko, uliza hapo hapo, "Samahani nesi, hii ni tarehe ngapi?" Mwandiko ambao wewe na nesi mmeshindwa kuusoma, simu haitausoma.

Jua la Masasi ni kali, usipige picha juani. Kaa kibarazani penye kivuli chenye mwanga, tandika kanga ya rangi iliyoiva, weka kadi juu yake iliyonyooka. Zima flashi, maana inaacha doa jeupe katikati, na kwa bahati mbaya doa hilo hupenda kukaa juu ya tarehe. Simama wima juu ya kadi ili pembe zote nne zionekane na kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Piga nje, piga ndani, piga nyuma. Kisha ivute picha kwa vidole viwili hadi tarehe ndogo kuliko zote. Ukiisoma bila kukunja uso, umemaliza. Faida nyingine ya kupiga kila mwezi ni ule mstari wa uzito: ukizipitisha picha moja baada ya nyingine unaona unapanda au umelala, na ukiwa umelala unajua cha kumuuliza nesi.

Usiziache picha hizo zichanganyike na za harusi na za minada ya korosho. Fungua albamu yenye jina la mtoto. Halafu itume nakala mahali pa pili, kwa sababu simu huku zinatumbukia ndooni, zinaibiwa na zinauzwa. Ukitumia WhatsApp, usitume kama picha ya kawaida, inabanwa na maandishi yanafifia. Itume kama dokumenti. Ujitumie mwenyewe, kisha mtumie mtu mmoja tu unayemwamini. Kama simu ni ya baba watoto na yeye anashinda Mtwara mjini, mtu huyo awe dada yako au mama yako.

Mwenye kitochi asijione ameachwa. Hifadhi namba ya kadi kwenye majina ya simu, kama unavyohifadhi namba ya mtu, kwa jina la "Kadi Zuhura". Kisha andika meseji fupi: jina la mtoto kama lilivyo kwenye kadi, tarehe ya kuzaliwa, kituo, hudhurio la mwisho, tarehe ya kurudi. Mtumie dada yako na ujitumie mwenyewe. Kwangu mimi meseji hiyo ina nguvu kuliko picha mbovu.

Tarehe za chanjo zitie kwenye kalenda ya simu mapema, zote kwa pamoja. Chukua mtoto aliyezaliwa Jumatatu, 3 Machi 2025. Ya kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio hupewa akizaliwa. Wiki ya 6 inaangukia 14 Aprili, wiki ya 10 ni 12 Mei, wiki ya 14 ni 9 Juni, zote Jumatatu. Surua-rubella ya kwanza ni miezi 9, yaani 3 Desemba, na ya pili ni miezi 18, yaani 3 Septemba 2026. Kama kituo chako kina siku zake za chanjo, fuata tarehe aliyoandika nesi. Ila iangalie vizuri hiyo 3 Desemba. Tangu Juni mama hajachomewa mtoto sindano, amesahau, na Desemba wengi wetu tuko shamba tunaokota korosho, nyumba imefungwa na kadi imo ndani. Mkihamia shamba, mfuko uende nanyi, na kengele ya simu ilie siku mbili kabla ili upate muda wa kutafuta nauli ya bodaboda. Juni na Desemba ndipo pia zinapotolewa matone ya vitamini A kwa watoto wa kuanzia miezi 6, na dawa za minyoo kwa waliofikisha mwaka. Mara nyingi hutolewa kwa haraka, kwenye foleni ndefu, mtoto anameza na kuondoka. Toa kadi iandikwe.

Mjamzito naye, mbali na picha, awe na meseji ya dharura kwa atakayemsindikiza: kundi la damu, wingi wa damu wa mara ya mwisho, tarehe ya matazamio ya kujifungua, na kama alishawahi kujifungua kwa upasuaji. Namba ya usafiri wa dharura wa m-mama, 115, ni ya bure. Ihifadhi jirani na meseji hiyo.

Hapa nina neno na wenzangu wa steshenari. Watu wanatutumia kadi kwenye WhatsApp ya duka tuwachapie. Picha inabaki kwenye simu ya duka, inabaki kwenye kompyuta, na kijana wa zamu anayo mbele ya macho siku nzima. Kadi ya mjamzito ina majibu ya vipimo, VVU na kaswende vikiwemo. Hata yakiwa yameandikwa kwa alama, anayezijua alama hakosekani mtaani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu si za kuachwa kwenye deskitopu. Mimi hufuta mbele ya mteja, na kikapu cha taka cha kompyuta nakimwaga. Wewe mteja lidai hilo bila aibu: "Kaka, futa nione." Na ukitoa kopi, usiondoke ukaacha kadi yenyewe juu ya kioo cha mashine. Ninazo kadi za watu kwenye droo mpaka leo wenyewe hawajarudi.

Ukituma picha kwa ndugu anayetaka kuona uzito tu, funika sehemu ya vipimo kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga. Kwenye grupu la familia usiiweke kabisa, hata shangazi akisisitiza.

Jambo la majina linatusumbua sana Kusini. Mtoto akitoka jandoni au unyagoni anarudi na jina jingine, na mtaa mzima unalishika. Kadi inasema Hamisi, shuleni anajulikana kama Saidi, cheti cha kuzaliwa kina jina la tatu. Majina yote matatu ya kwenye kadi, yaani la mtoto, la baba na la babu, yaandikwe sawasawa na ya kwenye cheti, herufi kwa herufi. Jina jipya liandike kwenye simu yako, kadi usiikwangue. Na cheti chenyewe kifuatilie mtoto angali mdogo: Mtwara na Lindi zimo kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili bure watoto wa chini ya miaka mitano, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata.

Kadi ikipotea kabisa, usianze kutafuta ya kuazima na usiache kumpeleka mtoto kwa kuogopa kufokewa. Nenda kituo kile kile alichochanjwa, na hapo ndipo meseji yako itakapofanya kazi. Vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za kituo cha afya, vinajazwa kwa kufuata tarehe, hivyo ukisema "hudhurio la mwisho lilikuwa 12 Mei, namba ya kadi ni hii," nesi anafungua karibu na ukurasa wenyewe badala ya kupekua kitabu kizima huku foleni ikinung'unika. Mwonyeshe na picha za zamani, anukuu kwenye kadi mpya. Kadi mpya ipige picha ungali kwenye benchi, na zile za zamani usizifute, kwani kunukuu nako kuna kuruka mstari.