Kitabu cha katuni kimechangiwa na hakijatoka: namna ya kujinasua

Mashabiki wa katuni za mtandaoni wamezoea kusubiri. Sehemu mpya ikichelewa wiki mbili wanalalamika, kisha wanarudi. Wasichozoea ni kutoa elfu kumi na tano mapema ili katuni zichapwe kitabu, kumwona mchoraji akiendelea kuposti kama kawaida, na kitabu kisitajwe tena. Mwongozo huu ni wa mchoraji wa Mtwara au Lindi ambaye tarehe aliyoahidi imempita, fedha zimepungua, na simu ikiita anaitazama tu.

Ondoa Lipa Namba kwenye ukurasa wako leo hii. Ukiendelea kupokea, fedha za mchangiaji mpya zitakuwa zinalipa deni la yule wa zamani, na hapo umeshaanzisha upatu.

Kisha kaa na daftari. Chukua taarifa ya miamala yote na uandike mstari mmoja kwa kila mtu: jina lililotokea kwenye muamala, namba ya simu, kiasi, tarehe, kumbukumbu ya muamala, alichoahidiwa, na mji anakotaka mzigo ufike. Ahadi usizihesabu, kamati yoyote ya harusi inajua waliojiandikisha huwa wengi kuliko walioleta. Kumbukumbu ya muamala usiiruke, kwa sababu habari ya kurudisha fedha ikisikika, watajitokeza na wasiotoa hata shilingi.

Sasa hesabu. Tuseme watu 140 walitoa sh. 15,000 za kitabu, na 40 walitoa sh. 30,000 za kitabu na fulana. Jumla ni 3,300,000. Kuchapa nakala 200 kwa sh. 8,000 ni 1,600,000. Fulana 40 kwa sh. 15,000 ni 600,000. Vifurushi 110 vya nje ya mji kwa sh. 5,000 ni 550,000. Bahasha na nailoni 90,000. Yote ni 2,840,000, kwa hiyo fedha zilitosha. Lakini 1,100,000 zilikwenda kwenye kishikwambi cha kuchorea na kodi ya chumba. Zimebaki 2,200,000, pengo ni 640,000.

Hivi ndivyo kampeni nyingi za kuchangisha za kwetu zinavyokwama. Kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, lengo lisipofikiwa hakuna mchangiaji anayekatwa fedha. Huduma hiyo haijafunguliwa kwa wachangishaji walioko Tanzania, hivyo mchoraji wa hapa anatumia laini yake, na fedha zinaingia kidogo kidogo kwenye simu ileile anayonunulia umeme. Tenga laini ya kampeni peke yake.

Pengo la 640,000 linazibika. Usikimbilie kufuta fulana: kumrudishia mtu 15,000 na kumtengenezea fulana ni gharama ileile. Waombe wale 40 wachague kati ya fulana na mchoro wa mkono wa sura zao. Wakikubali 25, umeokoa 375,000 kwa karatasi na jasho lako. Kwenye vifurushi, tafuta waliokaribiana. Wakiwepo 60 wa Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi mjini, funga mizigo minne, ipakie basi kwa sh. 10,000 kila mmoja, na wachangiaji wachukulie kwenye duka la rafiki. Badala ya 300,000 unalipa 40,000. Pengo limebaki elfu tano, toa mfukoni. Ila hakuna badiliko bila ridhaa ya aliyechangia. Atakayekataa apewe alichoahidiwa.

Hesabu ikikamilika ndipo uwaandikie wachangiaji, si kabla. Watumie ujumbe wa simu wote, maana posti wataiona wachache. Mfano: "Ndugu yangu, ulichangia sh. 30,000 kwa ajili ya kitabu. Kimechelewa kwa makosa yangu: nilitumia 1,100,000 za kampeni kwa mambo mengine. Zilizopo ni 2,200,000. Kurasa 41 kati ya 64 ziko tayari kwa kuchapwa. Ukitaka fedha yako, nijibu RUDISHA. Nitaandika tena Ijumaa, tarehe 14." Taja siku ya taarifa ijayo, ambayo iko mikononi mwako, siku ya kitabu ngoja umalizane na mchapaji. "Changamoto zilizo nje ya uwezo wetu" iachie ofisi za serikali. Wanaotukana usiwazuie wala usifute maneno yao. Jibu mara moja kwa takwimu, basi.

Kwenye kuchapa ndiko miezi inakoliwa. Katuni ya simu huchorwa kwa upana wa pikseli 1080 hivi, ilhali ukurasa wa A5 (milimita 148 kwa 210) unahitaji pikseli 1748 kwa 2480 ili ufike nukta 300 kwa inchi, ukali unaotakiwa kwenye kuchapa. Ukiitanua tu, mistari inafifia na maneno yanakuwa na ukungu. Michoro inaweza kuvumilika, maandishi hapana: futa yaliyomo kwenye viputo vya maneno ya wahusika na uyaandike upya kwenye faili la kuchapia, kwa nyeusi tupu isiyochanganywa na rangi nyingine, saizi isiyopungua 8. Ongeza milimita 3 za mchoro kila upande, zitakazokatwa kitabu kikisawazishwa kingo. Picha zigeuzwe kutoka rangi za skrini kwenda rangi nne za wino, na ujiandae: ile buluu kali ya bahari ya Msimbati itapoa. Kitabu kinachobanwa kwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa nne, kwa hiyo 64 sawa, 62 hapana. Omba nakala moja ya majaribio, ishike mkononi, ndipo umalizie malipo.

Ukichapia Dar es Salaam, weka siku za akiba masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini huko Kilwa. Funga kila kitabu kwa nailoni.

Anayetaka fedha yake mrudishie kwa namba ileile aliyolipia, gharama ya kutuma ni yako. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Nenda kwa mpangilio wa waliojibu kwanza, na marafiki wasiruke foleni.

Nakala 20 za ziada ni za kufidia zilizoharibika. Zikibaki, ziuze zikiwa mkononi, baada ya minada ya korosho wakulima wakishalipwa. Za wasiopatikana ziandike majina, ziweke juu ya meza na si sakafuni, maana unyevu wa pwani hukunja jalada.