Jinsi ya kujenga Chevy 302 inayopanda resi haraka kwa spea za kiwandani

Watu wengi wakisikia V8 ya Marekani wanawaza ukubwa tu, 350, 400, 454 (inchi za ujazo), kadiri namba inavyopanda ndo wanaona bora. Sawa, ukubwa unaleta nguvu ya kuvuta kutoka chini. Ila kama unachotaka ni injini ambayo ukigusa pedeli kidogo tu, kufumba na kufumbua sindano iko mizunguko 6000 kwa dakika na bado inataka kwenda, basi ukubwa sio dawa. Unatafuta stroki fupi (umbali pistoni inaopanda na kushuka), silinda pana, na hedi (vichwa vya injini vyenye valvu) zinazopumua. Na hizo zote Chevrolet walishazitengeneza wenyewe, kazi yako ni kuziunganisha.

Kisa chenyewe kiko hivi. Mashindano ya magari ya Trans-Am kule Marekani yalianza 1966 na sheria ilikuwa injini isizidi inchi za ujazo 305, yaani lita 5. Chevrolet walikuwa na 283 ambayo ni ndogo na 327 ambayo imezidi, wakachukua bloku yenye silinda pana za 327 (inchi 4.00) wakaiwekea stroki ya kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya 283 (inchi 3.00), hesabu ikaja 301.6, wakaiita 302 na wakaifunga kwenye Camaro Z/28 kuanzia modeli ya 1967 mpaka 1969. Kwa milimita ni 101.6 kwa 76.2, cc kama 4942 hivi. Kwenye karatasi waliandika farasi 290 kwa mizunguko 5800, namba ambayo wengi wanaiona imeandikwa kwa aibu, yaani pungufu kuliko ukweli.

Kwanini inapanda haraka? Angalia spidi ya pistoni. Kwa mizunguko 7000 stroki ya inchi 3.00 inaifanya pistoni itembee wastani wa mita 17.8 kwa sekunde. 350 yenye stroki ya 3.48 kwa mizunguko hiyohiyo inafika mita 20.6, na mzigo unaovuta konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ndo unazidi kupanda. Halafu silinda pana inaipa valvu nafasi ya kufunguka bila kubanwa na ukuta. Lakini usijidanganye, chini ya 3500 hii injini ni mvivu, na kama gari lako ni zito lina gia boksi ya otomatiki na difu (gia za ekseli ya nyuma) ya safari ndefu, jenga 350 ukapumzike, hakuna ubaya.

Sasa bloku na kranki, hapa ndo watu wanapotea. Unataka bloku ya 327 ya kati ya 1962 na 1967, kwasababu kipindi hicho jeno za kranki (sehemu za mviringo zinazokaa kwenye beringi) zilikuwa ndogo, meni, yaani zile zinazoibeba kranki kwenye bloku, inchi 2.30 na za konrodi 2.00, sawasawa na kranki ya 283. Yaani kranki inaingia moja kwa moja bila kuchonga kitu. Kuanzia 1968 327 walienda kwenye jeno kubwa, 2.45 na 2.10, na 350 ni hizohizo, kwahiyo kranki ya 283 ukiiweka kwenye bloku ya hivyo itacheza mpaka utafute beringi nene za kujazia. Zipo na zinafanya kazi, ila mimi kwa injini ya kwenda 7000 napenda vitu vichache vya kujazia katikati. Kuna njia ya zamani pia ya kuchonga silinda za 283 kutoka 3.875 mpaka 4.00, vijana wa zamani walifanya sana, lakini ukuta unabaki mwembamba mno na bloku nyingi hazivumilii, zinachemka. Achana nayo.

Kranki yenyewe hakikisha ni ya chuma cha kufua, sio ya kumimina. Huhitaji mashine kujua, iangalie pembeni kwenye mikono yake: ya kumimina ina mstari mwembamba kama uzi pale moldi mbili zilipokutana, ya kufua ina mkanda mpana uliosagwa, upana wa kidole hivi. Ukishaipata ipelekwe kupimwa nyufa kabla hujalipia kazi yoyote nyingine, maana kranki ya umri huo inaweza kung'aa vizuri na ina ufa kwenye kona ya jeno. Bloku nayo ipimwe unene wa kuta. Ukichonga silinda oversaizi ya inchi 0.030 unapata inchi za ujazo 306, na kwa barabarani hakuna anayekuja kukupima kwa sheria ya Trans-Am.

Pistoni. Tafadhali soma hii aya mara mbili kabla hujaagiza. Bloku kutoka katikati ya kranki mpaka juu ni inchi 9.025. Toa nusu ya stroki, 1.5, toa urefu wa konrodi, 5.7, inabaki 1.825. Kwahiyo pistoni yako kutoka katikati ya pini mpaka uso wa juu lazima iwe kama 1.80 hivi. Pistoni ya 327 ni fupi, imetengenezwa kwa stroki ya 3.25, ukiifunga kwenye kranki ya 283 itaishia inchi 0.125 chini zaidi ya inavyotakiwa, zaidi ya milimita 3, na kompresheni yako (kiasi hewa na petroli vinavyobanwa) imekufa hapohapo. Injini itawaka, itanguruma, na haitakuwa na kitu. Agiza pistoni zilizoandikwa za 302.

Na kompresheni kwenye stroki fupi ni ngumu kuipata kuliko unavyodhani. Silinda moja ni cc 618. Chemba ya hedi cc 64, gasketi nyembamba ya bati ya inchi 0.018 inaongeza kama 4, mikato ya valvu kwenye pistoni 5, pengo la juu ya pistoni 4, jumla 77, ukipiga hesabu unapata 9 kwa 1 tu kwa pistoni bapa. Kiwanda kilifika 11 kwa 1 kwa kuweka pistoni zenye kichuguu kikubwa, lakini petroli ya siku hizi na hedi za chuma 11 ni kutafuta kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kichuguu kidogo cha cc 8 kinakufikisha karibu 10 kwa 1 na hapo unaishi vizuri.

Konrodi za jeno ndogo zina bolti nyembamba za 11/32 na hapo ndo mahali pekee nasema toka nje ya kiwanda bila kujiuliza. Weka bolti mpya za nguvu, konrodi zipimwe nyufa, macho makubwa yachongwe upya baada ya bolti kubadilishwa, sio kabla. Bolti za kiwandani zinakazwa futi-paundi 35, yaani kama Nm 47, lakini bolti mpya fuata karatasi iliyokuja nazo. Nafasi ya mafuta kwenye beringi lenga inchi 0.002 mpaka 0.0025, na pengo la ringi ya juu 0.016 kwa silinda ya inchi 4. Pima kila moja mwenyewe, hata kama boksi limeandikwa zimeshapimwa.

Kubalansi usiruke. Pistoni zilingane uzito, konrodi zilingane ncha zote mbili, kisha kranki ibalansiwe na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya kranki) na dampa yake ya mbele. Injini hizi zinabalansiwa kwa ndani, kwahiyo flaiwili ya 400 au ya injini za kuanzia 1986 usiiguse, ina uzito wa upande mmoja na itatikisa kila kitu mpaka beringi ziimbe.

Flaiwili ndo inabadilisha tabia ya injini kuliko watu wanavyofikiri. Haikuongezei hata farasi mmoja, ila kwenye gia ya kwanza na ya pili utaona tofauti kubwa. Uzito ulioko mbali na katikati ndo unaoumiza, unahesabika kwa mraba wa umbali, kwahiyo flaiwili ndogo ya meno 153 yenye kipenyo cha inchi 12 na robo tatu inazunguka kirahisi kuliko ile ya meno 168 ya inchi 14 hata zikilingana uzito. Stata iendane na idadi ya meno, usisahau. Na usije ukampelekea fundi wa leidhi flaiwili kuukuu ya chuma cha kumimina aipunguze, ikipasuka kwa mizunguko 7000 iko karibu na miguu yako. Dampa ya mbele sasa ni kinyume, watu wanaweka ndogo ya 283 ili kupunguza uzito, hapana, weka ile ya inchi 8 ya injini za nguvu, kazi yake ni kuua mtetemo wa kranki na huo mtetemo ndo unavunja vyuma juu kule.

Hedi tafuta zenye alama ya nundu mbili kwenye ncha, namba za mwisho 461, 462 au 186. Nyingi zilikuja na valvu za 1.94 na 1.50, za Z/28 zilikuwa 2.02 na 1.60. Valvu kubwa ni nzuri lakini kazi ya kiti cha valvu kwa pembe tatu inayofanywa vizuri ni muhimu zaidi. Stadi za roka (bolti zinazoshikilia mikono inayosukuma valvu) ambazo zimesukumwa tu kwenye hedi, zitoe uweke za kufunga kwa nyuzi, maana springi ngumu zinazivuta polepole na wewe unabaki kushangaa tapeti zinajiachia kila wiki.

Kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya kiwandani ya 302 ilikuwa ya tapeti ngumu, zisizojirekebisha zenyewe, wanaiita 30-30 kwasababu nafasi ya valvu ni inchi 0.030 kwa inteki (ya kuingiza) na 0.030 kwa ekzosti (ya kutoa moshi), injini ikiwa moto. Inapiga kelele kama cherehani na chini haina kitu, lakini juu inaimba. Kwa barabarani mimi ningechukua ya injini ya Chevrolet LT-1 ya 1970, 0.024 na 0.030, inaamka mapema kidogo na bado inapanda mpaka juu. Kabla ya kufunga kabisa weka plastisini juu ya pistoni, funga hedi, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, fungua ukate upime: inteki isipungue 0.080, ekzosti 0.100. Springi ziwe zile zinazoendana na hiyo kamshafti, sio zile ngumu kuliko zote dukani.

Kabureta kiwandani ilikuwa Holley ya 780 juu ya menifoldi ya alumini. Hesabu inasema 302 kwa 7000 hata ikijaza silinda asilimia mia inavuta futi za ujazo 612 tu kwa dakika, kwahiyo 650 inatosha kabisa na itajibu vizuri zaidi ukikanyaga. Taimingi jumla (cheche kuwaka kabla pistoni haijafika juu) weka nyuzi 36 kisha sikiliza.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza usiiache kwenye sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga pedeli) hata kidogo. Pakaa grisi ya kamshafti, oili yenye zinki ya kutosha, zungusha pampu ya oili kwa drili mpaka oili itoke kwenye roka zote, hakikisha petroli iko kwenye kabureta na taimingi iko karibu, ili iwake mara moja. Ikiwaka ipeleke 2000 mpaka 2500 uishikilie dakika 20, ukipandisha na kushusha kidogokidogo, kwasababu tapeti zinarushiwa oili na kranki inayozunguka na kwenye sailensa hiyo oili haitoshi. Kamshafti nyingi zinakufa kwenye dakika hizo 20 za mwanzo.

Ikishapoa badili oili na filta, iwashe tena ipate moto ndo upange valvu. Silinda moja moja: ekzosti inapoanza kufunguka panga inteki, inteki inapokaribia kumaliza kufunga panga ekzosti. Fila gaji (bati jembamba la kupimia nafasi) iteleze kwa kukwaruza kidogo. Rudia baada ya kilomita mia chache, zitakuwa zimehama. Na difu weka 3.73 kama waliyoiweka kwenye Z/28, au hata fupi zaidi kama haupigi safari ndefu, maana hii injini ukiifungia difu ndefu utaishi chini ya 3000 siku zote.